Gari la spoti la watu wawili: niweke tinti au niache vioo vyeupe?

Mkazi wa Tegeta

Wakuu, habari za leo. Naomba mawazo yenu kabla sijafanya jambo ambalo kulirudisha nyuma ni kazi.

Nina Nissan Fairlady Z, ile ya Z33, ya mwaka 2004, nyeusi nje na ndani. Tangu ishuke bandarini miezi minane iliyopita vioo vyake vyote ni vyeupe, nami nimevipenda hivyo kwa sababu umbo la gari hili linaonekana vizuri zaidi jicho linapopenya kutoka dirisha moja hadi jingine. Tatizo ni jua. Ninaegesha Posta mahali pasipo na hata mwarobaini mmoja, na nikitoka saa kumi usukani haushikiki, chuma cha mkanda kinaunguza, na kiyoyozi kinahitaji robo saa nzima kabla sijaacha kutokwa jasho. Mke wangu, ambaye hukaa upande wa kushoto, mkono wake wa dirishani umekwisha kuwa mweusi kuliko wa pili kwa safari za Jumapili za kwenda Bagamoyo.

Jambo jingine ni mizigo. Dashibodi ya gari hili haina kabati upande wa abiria, na chochote unachokilaza nyuma ya viti kinaonekana waziwazi kupitia kile kioo kikubwa cha nyuma. Mwezi uliopita niliacha begi tupu la kompyuta, nikakuta alama za viganja viwili kwenye kioo, kama za mtu aliyeinama kuchungulia.

Kinachonizuia ni usiku. Ninarudi nyumbani saa mbili au saa tatu, na kipande cha mwisho cha njia yangu hakina taa hata moja. Je, niweke au nisiweke? Kama ni kuweka, niweke vioo vyote au nyuma tu, na iwe asilimia ngapi?

Impreza Kijivu

Mkuu, hongera kwa chombo. Mimi nasema weka, tena weka vyote. Gari la spoti lenye vioo vyeupe ni kama suti isiyo na koti. Mimi niliweka asilimia 20 mzunguko mzima kwenye Impreza yangu, na siku ile ile gari lilionekana limeshuka chini kwa inchi mbili, ingawa springi sikuzigusa.

Fundi wa Wembe

Nimefanya kazi hii ya tinti kwa miaka kumi na mmoja, kwa hiyo niruhusuni niweke msingi kabla hatujaanza kutajiana asilimia. Namba iliyoandikwa kwenye boksi la karatasi ya tinti ni kiasi cha mwanga kinachopita, si kiasi cha giza. Asilimia 5 ni giza totoro, asilimia 20 mtu wa nje anaona kivuli chako tu, asilimia 35 anakutambua akikaribia, na asilimia 50 wengi hawajui kama umeweka kitu.

Wateja wengi husahau kwamba kioo chenyewe nacho hakipitishi mwanga wote. Kioo cha mlango kikiwa kinapitisha asilimia 77, ukakibandika karatasi ya 35, hupati 35. Unazidisha hizo mbili, unapata kama 27. Ndiyo maana mtu huweka 35 akashangaa kwamba gari limekuwa jeusi kuliko kipande alichoonyeshwa dukani.

Pili, karatasi hazifanani. Kuna ya rangi, ambayo ni ya bei nafuu na kazi yake kubwa ni kutia giza. Kuna ya metali, inayorudisha joto vizuri lakini inaweza kuvuruga mawasiliano. Kuna ya kaboni, isiyopauka haraka. Kuna ya seramiki, ghali kuliko zote, ambayo huzuia joto hata ikiwa nyepesi machoni. Mleta mada, ukiniuliza mimi, tatizo lako la joto na tatizo lako la usiku vinatibiwa na dawa moja: seramiki ya 50 kwenye milango na ya 35 nyuma.

Zanji wa Deira

Nawasalimu kutoka Dubai. Huku joto la mwezi wa saba na wa nane halina mfano, na serikali yenyewe iliona hivyo: zamani kiwango kilikuwa asilimia 30, na tangu mwaka 2017 kimepandishwa hadi 50. Kama nchi ya jua kali kama hii imeruhusu 50 kwa sababu ya joto, sioni kwa nini mleta mada asite.

Impreza Kijivu

Kwa hiyo kule walikuwa na giza la 30 wakalipunguza hadi 50? Hapo Zanji wa Deira sijakuelewa. Umesema wamepandisha, lakini kwa hesabu ya fundi hapo juu ni kama wameshusha.

Fundi wa Wembe

Umeuliza vizuri, na hili huwachanganya hata mafundi wenzangu. Kule wanahesabu giza, sisi tunahesabu mwanga. Ile 30 yao ya zamani kwetu ingeitwa karatasi ya 70, yaani nyepesi sana. Na 50 ndiyo namba pekee ambayo hesabu zote mbili zinakutana, kwa sababu nusu ya giza ni nusu ya mwanga. Ndiyo maana mtu akitoka Dubai akamwambia fundi wa hapa "niwekee 30 kama ya zamani", ataondoka na gari jeusi ajabu.

Zanji wa Deira

Ahsante, fundi. Nimeishi huku miaka tisa na sikuwahi kuliona hivyo.

Mwalimu wa Fizikia

Nataka kurudi kwenye joto, kwa sababu hapa tunachanganya giza na ubaridi kana kwamba ni kitu kimoja.

Nishati ya jua inayotufikia chini imegawanyika. Karibu nusu yake ni mionzi ya infraredi, ile tusiyoiona bali tunaisikia kwenye ngozi kama joto. Sehemu inayopungua nusu kidogo ni mwanga tunaouona. Kiasi kidogo sana kinachobaki ni mionzi ya urujuanimno, ambayo haituchomi kwa joto lakini ndiyo inayopausha dashibodi na kuharibu ngozi. Karatasi ya rangi ya bei ya chini inashughulika zaidi na ule mwanga unaoonekana: inaunyonya, kioo kinapata moto, kisha kioo kile kile kinalirudisha joto ndani. Ukiwa unakimbia Barabara ya Bagamoyo upepo wa nje unakipoza kioo na unafaidika. Ukiwa umeegesha Posta kuanzia asubuhi hadi jioni hakuna upepo wa kutosha, na sehemu kubwa ya faida hiyo inapotea.

Kuna jambo la pili ambalo ni la gari hili hasa. Dar es Salaam iko kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua ni la utosi karibu mwaka mzima. Angalia umbo la Fairlady: vioo vya milango ni vifupi na vimesimama, ilhali kioo cha mbele na cha nyuma vimelala kama paa la kibanda. Jua la mchana linaingia kwa njia ya hivyo viwili vilivyolala, na milango inaguswa na jua la asubuhi na la jioni tu. Ukiweka giza kwenye milango ukaacha kioo cha mbele, umefunga dirisha ukaacha mlango wazi. Kwa maoni yangu, nunua kile kizuizi cha kukunja cha kuweka nyuma ya kioo cha mbele unapoegesha, kisha upime tena baada ya wiki mbili.

Fundi wa Wembe

Mwalimu, hesabu yako naiheshimu, lakini mimi nina wateja waliorudi kunishukuru kwamba mkono wa kwenye dirisha umeacha kuungua. Hao hawakuweka chochote kioo cha mbele.

Mwalimu wa Fizikia

Hatupingani. Wewe unazungumzia jua linalompiga mtu moja kwa moja akiwa safarini, mimi nazungumzia tanuri analolikuta mleta mada saa kumi jioni. Ni mambo mawili, na yeye ameyataja yote mawili.

Mama Wawili

Naomba niongeze la ngozi, kwa sababu limetajwa kwa kupita tu. Mimi huendesha kilomita nyingi kwa kazi ya mauzo, na miaka miwili iliyopita nilianza kupata madoa ya kahawia shavu la kulia, upande wa dirisha la dereva. Daktari wa ngozi aliniuliza swali la kwanza: unaendesha gari? Alinieleza kwamba kioo cha mbele kimetengenezwa kwa tabaka mbili zenye plastiki katikati, na hiyo plastiki huzuia karibu mionzi yote ya urujuanimno, lakini vioo vya pembeni kwa kawaida ni tabaka moja na hupitisha sehemu ya mionzi hiyo, ile inayozeesha ngozi.

Kwa hiyo mimi niliweka karatasi isiyo na giza kabisa, inayopitisha mwanga karibu wote lakini inayozuia asilimia 99 ya hiyo mionzi. Hakuna anayejua kwamba ipo. Mleta mada, mkono wa mke wako unaweza kuwa unahitaji hii na si giza. Nimeona tumejadili mwonekano wa gari kwa kirefu, na mkono wa shemeji yetu tumeupitia juu juu.

Mgosi wa Pangani

Mimi nazungumzia usiku, na nitasema nilichokiona kwa macho yangu.

Nilikuwa na Toyota Celica yenye 20 kwenye milango. Siku hiyo natoka Segera kwenda Tanga, nimepita Muheza, saa moja kasoro, ule muda ambao jua limezama lakini watu hawajawasha taa. Nilitaka kukata kulia kuingia njia ya vumbi. Nikatazama upande wa kulia kupitia kioo cha mlango, nikaona weusi tu, nikaona ni salama. Sijui ni nini kilichonifanya nibonyeze swichi ya kioo. Kioo kiliposhuka robo tu, alitokea mzee juu ya baiskeli na magunia mawili ya mkaa, hatua tatu kutoka kwenye bampa yangu, hana taa wala kiakisi. Alikuwa ananitazama moja kwa moja, na nina hakika alidhani nimemwona, kwa sababu hata miguu hakuiondoa kwenye pedali. Nilisimamisha gari pale pale nikakaa dakika nyingi.

Kesho yake karatasi ya milango ilitoka. Ya nyuma niliiacha. Taa za gari zinamulika mbele, hazimuliki pembeni, na kwenye kona au kwenye njia panda unategemea kioo cha mlango peke yake. Mleta mada amesema kipande chake cha mwisho hakina taa. Namwomba asiweke giza kwenye milango, hata 35.

Mvita Kwetu

Shukrani Mgosi wa Pangani, hiyo imenisisimua mwili.

Nami nina jambo la huku Mombasa linalofanana na hilo. Baiskeli yako ilikuwa inakutazama wewe, nawe hukuiona, lakini kuna upande wa pili wa kioo: mtu wa nje naye hakuoni. Barabarani kwetu tunazungumza kwa uso na mkono. Bodaboda anakutazama ili ajue umemwona, mama mwenye mtoto kwenye kivuko anasubiri umpungie, na mwenye mkokoteni anakusoma macho kabla hajavuka. Nilipokuwa na Mazda RX-8 yenye vioo vya giza niliona watu wanasita mbele yangu, au wanavuka kwa kubahatisha. Nilidhani ni sauti ya gari inayowatisha, mpaka siku niliyobandua ndipo nilipoona watu wameanza kunipungia mkono.

Pia kuna geti. Kila jengo lenye askari, benki, hospitali, hoteli, unaombwa kushusha kioo, na usiku unawasha na taa ya ndani. Huku Kenya kanuni za trafiki zinakataza tinti kwenye magari ya abiria, na ingawa la binafsi ni jambo jingine, macho ya askari yanavutwa na giza vilevile.

Bandarini

Mvita Kwetu amegusa geti, nami nataka kulifunga na ugonjwa wa gari lenyewe. Mota za vioo vya Z33 zinajulikana kwa kuchoka. Gari lenye miaka ishirini, ukilishusha vioo mara kumi kwa siku kwa ajili ya askari wa geti, unaitafuta mota nyingine kabla mwaka haujaisha. Hilo mleta mada aliweke kwenye hesabu.

Halafu nimsahihishe kidogo Impreza Kijivu, kwa sababu nimeagiza magari haya kwa muda mrefu. Yanapotoka Japani milango ya mbele iko karibu nyeupe si kwa sababu mwenye gari hakupenda mitindo, ni kwa sababu ukaguzi wa kule unataka kioo cha mbele na vya milango ya mbele vipitishe angalau asilimia 70. Uingereza nao wanataka 70 kwa milango ya mbele na 75 kwa kioo cha mbele, kwa magari yaliyoanza kutumika tangu tarehe 1 Aprili 1985. Nyuma hakuna masharti hayo. Nchi hizo mbili zinaendesha kushoto kama sisi, na zina taa nyingi za barabarani kuliko sisi, lakini bado zimesema dereva aonekane na aone.

Mswahili wa Houston

Tusiifanye iwe sheria ya dunia nzima. Hapa Texas milango ya mbele inaruhusiwa hadi 25, Florida 28, ilhali California ni 70. Ni nchi moja, magari yale yale, macho yale yale, na kila jimbo limeamua lake. Mimi nina 350Z, ambayo ni hiyo hiyo Fairlady kwa jina la huku, nimeweka seramiki ya 35 pande zote kwa miaka minne, na sijagonga mtu.

Hata hivyo nakubaliana na Bandarini kuhusu mota. Yangu ya kushoto ilikufa mwaka jana.

Mgosi wa Pangani

Ndugu yangu wa Houston, hujagonga mtu kwa sababu barabara yako ina taa na watembea kwa miguu wako wana njia yao. Njoo na 35 hiyo hiyo uendeshe Muheza saa moja jioni, kisha utueleze.

Mswahili wa Houston

Hilo nalikubali. Mama yangu yuko Korogwe, ile njia naijua.

Impreza Kijivu

Naona wengi mnanielemea, basi niseme na upande mbaya wa gari langu, maana sikuusema mwanzoni. Baada ya mwaka mmoja karatasi ya nyuma ilianza kuwa ya zambarau, ikatoa vipovu kama uji unaotaka kuchemka. Milango nayo imebanduka ukingo wa juu, kama kidole kimoja hivi. Fundi aliyeniwekea alikuwa wa kando ya barabara, kazi ya saa moja. Je, karatasi ilikuwa mbovu au mimi ndiye niliyeiharibu?

Fundi wa Wembe

Unaoshea nini vioo kwa ndani?

Impreza Kijivu

Ile dawa ya bluu ya kupuliza, yenye harufu kali inayopanda puani.

Fundi wa Wembe

Hiyo ndiyo iliyoimaliza. Dawa nyingi za harufu hiyo zina amonia, na amonia inakula karatasi ya rangi pamoja na gundi yake. Maji, sabuni kidogo na kitambaa laini vinatosha.

Bandarini

Fundi, sikubali kwamba ni amonia peke yake. Nimeona magari ambayo hayajaguswa na dawa yoyote, yamekaa yadi miezi sita, nayo yamekuwa ya zambarau. Kuna maboksi yanayoingia yakiwa na nembo kubwa, lakini ndani ni karatasi isiyo na kinga yoyote.

Mwalimu wa Fizikia

Zambarau inatokana na rangi yenyewe. Weusi wa karatasi hizo umetengenezwa kwa kuchanganya rangi kadhaa, na jua halizichakazi kwa kasi moja, kwa hiyo zile zinazodumu ndizo zinazobaki zikionekana. Vipovu ni jambo jingine, ni gundi. Inawezekana nyote wawili mna haki, mmoja kwenye rangi na mwingine kwenye gundi.

Fundi wa Wembe

Kuhusu ukingo uliobanduka nina la kusema, na hili linamhusu mleta mada moja kwa moja, kwa hiyo naomba alisome taratibu.

Impreza za zamani na Fairlady kama yako zina vioo visivyo na fremu. Kioo kinakwenda juu na kujibana kwenye raba ya bodi, si ndani ya fremu ya mlango. Kwa Fairlady kuna zaidi: unapovuta kitasa, kioo kinashuka chenyewe kiasi cha sentimita moja ili kitoke kwenye raba, na ukifunga kinapanda tena. Sasa karatasi mpya inahitaji siku tatu hadi tano, wakati mwingine zaidi, ili maji yaliyobaki chini yake yakauke na gundi ishike, na kila mtu huambiwa asishushe kioo kwa siku hizo. Lakini wewe kila ukifungua mlango kioo kimeshuka, utake usitake, na raba imeufuta ule ukingo mbichi.

Dawa yake ni kazi ya taratibu. Mimi hukishusha kioo kidogo, nikaikata karatasi kwa wembe mpya nikiacha mwanya wa milimita moja au mbili chini ya ukingo wa juu, mwanya ambao ukikaa ndani huuoni isipokuwa uutafute. Nikishakamua maji kwa mpira kuanzia katikati kwenda pembeni, naupitishia ukingo kitambaa kikavu kilichokunjwa kwenye kadi ngumu, mara tatu au nne, mpaka kitambaa kitoke bila unyevu. Raba ya mlango nayo naikausha. Kisha gari linalala kwangu siku mbili, milango haifunguliwi. Fundi wa saa moja hawezi kukufanyia hayo.

Kioo cha nyuma nacho kina mtihani wake. Kimepinda pande mbili, kwa hiyo karatasi bapa haikubali kukilalia. Inabidi itandazwe kwa nje kwanza, ipigwe hewa ya moto mpaka mikunjo isinyae, ndipo ihamishiwe ndani. Na kumbuka zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu. Kuweka si tatizo, tatizo ni siku ya kubandua. Wembe ukipita juu ya nyaya umezikata, na mistari hiyo haitafanya kazi tena.

Mama Wawili

Fundi, umeeleza vizuri mno. Sasa nimeelewa kwa nini langu lenye fremu halijawahi kunisumbua.

Zanji wa Deira

Nina swali la mawasiliano. Fundi alisema karatasi ya metali inavuruga. Inavuruga nini hasa? Mimi rimoti yangu inakataa nikiwa hatua kumi.

Mwalimu wa Fizikia

Metali inaakisi mawimbi ya redio, kwa hiyo chochote kinachotegemea mawimbi kupita kwenye kioo kinaweza kudhoofika: simu, redio ambayo antena yake imechorwa kwenye kioo, kifaa cha kufuatilia gari kilichofichwa ndani.

Bandarini

Au betri ya rimoti imekwisha. Ianze hiyo kwanza, Zanji, kabla hujambandulia mtu karatasi yake.

Zanji wa Deira

Nimebadilisha betri jana. Bado hatua kumi.

Mkazi wa Tegeta

Wakuu, nawashukuru nyote. Nimesoma kila neno, na Jumamosi nilifanya majaribio ambayo nadhani yatawasaidia na wengine.

Nilikwenda kwa fundi mmoja jirani nikamwomba vipande vitatu vya karatasi, 50, 35 na 20, kila kimoja ukubwa wa daftari. Saa mbili usiku nikaegesha kwenye kile kipande changu kisicho na taa, nikazima injini nikaacha taa za gari zikiwaka, nikamwomba mdogo wangu atembee kutoka kwenye ua wa jirani hadi mlangoni kwangu akiwa amevaa shati lake la kawaida la kijivu. Nikavibandika vipande kwa maji kwenye kioo cha dereva, kimoja baada ya kingine. Bila karatasi nilimwona alipotoka tu kwenye ua. Kwa 50 nilimwona alipofika kwenye mti wa mwembe, ambao ni kama nusu ya njia. Kwa 35 nilikuwa nimeanza kumuita nimuulize yuko wapi, na alinijibu kutoka upande ambao sikuutazamia. Kipande cha 20 sikukijaribu, hakukuwa na haja.

Kwa hiyo milango sitaitia giza. Hapo Mgosi wa Pangani amenishawishi, ingawa alichonishawishi ni ule mwembe kuliko maneno yake. Kwa mkono wa mke wangu nitatafuta karatasi isiyo na giza kama ya Mama Wawili. Kizuizi cha kukunja nimekwisha kununua, na leo saa kumi usukani ulishikika, japo chuma cha mkanda bado kilinikumbusha kwamba jua linaingia kwa nyuma.

Kinachonisumbua bado ni kioo cha nyuma. Nikiweka 35 nitaficha mizigo na nitapunguza ule mwanga wa mabasi unaonipiga kwenye kioo cha katikati, lakini gari hili nyuma halionekani vizuri hata sasa, na nitakuwa narudi rivasi gizani.

Fundi wa Wembe

Weka 35 nyuma. Taa za rivasi zitakutosha.

Mgosi wa Pangani

Taa za rivasi za Z33 moja kwa moja kutoka kiwandani? Hapana. Badilisha balbu kwanza, urudi kwenye huo huo ua wako na mdogo wako asimame nyuma ya gari, kisha ndipo uamue.

Mvita Kwetu

Au nunua kitambaa cheusi cha kufunikia mizigo, kioo ukiache kama kilivyo. Mimi kwenye RX-8 nilitumia shuka la zamani, na hakuna aliyechungulia tena.

Mkazi wa Tegeta

Shuka nimeliweka tangu jana. Fundi, kabla sijaja kwako, naomba unijibu hili moja: ile mistari ya kuondoa ukungu kwenye kioo changu, miwili ya juu imekwisha kukatika tangu Japani. Ukiweka karatasi juu yake, siku moja nikitaka kuitengeneza itawezekana bila kubandua karatasi ya kioo kizima?

Fundi wa Wembe

Haiwezekani. Itengeneze kwanza. Kuna rangi maalumu yenye madini ya fedha inayochorwa kwa brashi ndogo juu ya mahali palipokatika, na inabidi ikauke siku nzima. Lilete gari Ijumaa asubuhi mapema tuipime mistari yote kwa mita ya umeme, kisha ndipo tuzungumze habari ya karatasi.